Kupitisha tyubu ya puani kwa laringoskopu ya video

Laringoskopu ya video, kifaa chenye kamera cha kuonyesha zoloto, imerahisisha nusu ya kazi ya kupitisha tyubu ya kupumulia puani, ile nusu ya chini. Zoloto unaliona kwenye skrini, msaidizi wako analiona, hata mwanafunzi aliyesimama mlangoni analiona. Nusu ya juu, yaani safari ya tyubu kutoka tundu la pua hadi nyuma ya kaakaa, kamera haifiki. Damu nyingi na majeraha mengi ya kazi hii huanzia huko juu, dakika moja kabla hujainua macho kutazama skrini. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana puani.

Nawaandikia wenzangu wa usingizi, wawe wauguzi, maofisa tabibu au madaktari walioko mafunzoni, ambao tayari wanapitisha tyubu mdomoni bila wasiwasi. Kama hujafika hapo, kaa kwanza na mdomo. Vipimo nilivyotaja ni vya mtu mzima mpaka niseme vinginevyo, na pale taratibu za hospitali yako zinapotofautiana na haya, fuata za hospitali yako.

Pua ndiyo njia kweli?

Sababu kubwa kwetu ni taya. Kijana kaanguka na bodaboda, taya la chini limevunjika sehemu mbili, na daktari wa upasuaji wa kinywa na uso anataka kufunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili yakutane kama yalivyokuwa kabla ya ajali. Tyubu ikipita mdomoni, meno hayakutani. Uvimbe wa taya kama ameloblastoma, kung'oa meno mengi chini ya nusu kaputi na baadhi ya upasuaji wa ulimi navyo vinahitaji mdomo uachwe wazi. Kazi yenyewe ilikulia kwenye majeraha ya uso: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ivan Magill na Stanley Rowbotham waliwalaza askari waliopasuliwa nyuso na Harold Gillies huko Sidcup, Uingereza, na ile koleo iliyopinda tunayoitumia mpaka leo Magill aliieleza mwaka 1920.

Halafu kuna wale ambao pua yao usiiguse. Mgonjwa wa ajali mwenye duara jeusi kuzunguka macho yote mawili, mchubuko nyuma ya sikio, au maji maangavu yanayochuruzika puani, mchukulie kuwa amevunjika chini ya fuvu mpaka CT iseme vingine. Zipo ripoti za tyubu na mipira ya puani iliyoishia ndani ya fuvu. Ni chache, lakini hutaki kuongeza yako. Mivunjiko ya uso wa kati, ile ya Le Fort II na III, ijadili na daktari wa upasuaji kabla hamjaingia thieta, tena mkiwa na picha mkononi. Ongeza hapo wenye damu isiyoganda vizuri au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye vinyama vikubwa puani, waliopasuliwa pua karibuni, na kijana wa kiume anayetokwa damu puani mara kwa mara bila sababu inayojulikana. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na angiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu, nyuma ya pua, na tyubu yako itaipasua.

Swali la pili ni mdomo. Bledi ya video, ile sehemu inayoingia mdomoni, inahitaji nafasi ya kupita, na vidole viwili kati ya meno ni kipimo kizuri cha haraka. Asipofungua mdomo, uliza ni kwa nini. Taya lililovunjika juzi halifunguki kwa sababu ya maumivu na misuli kukaza, na mara nyingi hulegea akishalala. Taya lililoganda kwenye kiungo tangu utotoni, au lililofungwa na kovu la noma (ugonjwa wa kuoza mdomo na uso) au saratani, halitalegea kwa dawa yoyote uliyonayo. Kumlaza mgonjwa wa namna hii kwanza ndipo umwangalie mdomo ni kujitia kitanzi. Yeye anahitaji kamera inayonyumbulika akiwa macho, au trakeostomia kwa ganzi, au rufaa. Usimpange kwenye orodha ya laringoskopu ya video.

Kukagua pua

Ukaguzi huu wa dakika mbili ufanyie wodini, jioni ya kabla ya upasuaji.

Uliza historia: kuvunjika pua, kutokwa damu, kukoroma, mafua ya kudumu, upasuaji. Kisha: "Kaka, ziba tundu la kulia kwa kidole, vuta pumzi taratibu kwa la kushoto. Sasa badilisha. Lipi linapitisha vizuri?" Wengi watakujibu bila kusita: "La kushoto linaziba, daktari, tangu zamani." Angalia na tochi pia, maana ukuta wa kati wa pua uliopinda unaonekana kwa macho. Kioo kidogo au kijiko cha chuma chini ya pua kitakuonyesha ukungu wa pumzi upande upi ni mpana zaidi.

Matundu yakilingana, wengi huanza na la kulia, nami pia. Yasipolingana, nenda kwenye lililo wazi, usiwe mtumwa wa mazoea. Na mweleze mgonjwa kwamba anaweza kuamka na damu kidogo puani na koo linalowasha. Mtu aliyeambiwa mapema hashtuki.

Vifaa

Weka vyote mezani kabla dawa ya kwanza haijaingia kwenye mshipa:

Tyubu ya puani, namba 6.0 hadi 6.5 kwa mwanamke na 6.5 hadi 7.0 kwa mwanaume, pamoja na ndogo yake kwa nusu namba. Ile ya RAE ya puani, iliyopindishwa kiwandani ili ielekee kwenye paji la uso, ni nzuri sana kwa upasuaji wa uso. Usipokuwa nayo, tyubu ya kawaida au ile yenye waya ndani inafanya kazi, lakini hakikisha urefu unatosha. Tyubu ya kawaida ukishaikata kwa ajili ya mdomo haifai tena kwa pua.

Laringoskopu ya video iliyochajiwa, na ya kawaida kando yake. Koleo ya Magill. Bugi, yaani kijiti kirefu cha kuongozea tyubu. Saksheni mbili kama zipo, moja ngumu ya mdomoni na kateta laini. Sirinji ya kafu (puto lililo kwenye tyubu), jeli ya maji, barakoa, ambu bagi, barakoa ya laringi kwa ajili ya kuokoa. Kisu, bugi na tyubu namba 6.0 kwa ajili ya kufungua njia ya hewa shingoni, ikiwa itafika huko. Kapnografu, kipimo cha kabonidioksaidi ya pumzi, iliyowashwa na kujaribiwa kwa pumzi yako mwenyewe.

Kuhusu bledi neno moja. Zipo zenye umbo la Macintosh, lile lililobuniwa na Robert Macintosh mwaka 1943, zikaongezewa kamera, na zipo zilizopinda sana kama ya GlideScope, iliyotoka mwaka 2001 kwa kazi ya daktari wa upasuaji wa Kanada, John Pacey. Kwa tyubu ya puani zote zinafaa, ila haziendeshwi kwa namna moja. Ya Macintosh inaacha nafasi ya koleo mdomoni, na skrini ikizimika bado unaweza kuchungulia kwa jicho. Iliyopinda sana inaona zoloto lililojificha mbele, lakini koleo ya Magill haizunguki kona yake vizuri. Mahali penye kifaa kimoja tu, ningechagua cha Macintosh.

Kuandaa pua

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi.

Dawa ya kubana mishipa ya damu iwekwe mapema. Zailometazolini ya 0.1% au oksimetazolini ya 0.05%, ile ile ya dukani ya mafua, matone machache au mpulizo mara mbili kila tundu, kisha subiri dakika 5 hadi 10. Wekea matundu yote mawili. Ukilazimika kuhama upande, hutaki kuanza upya na mgonjwa aliyelala. Kama huna, pamba yenye adrenalini iliyozimuliwa na lignokaini inasaidia, lakini pima dozi kwa makini, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Ikitokea presha imepanda ghafla baada ya matone, zidisha usingizi na usubiri. Usikimbilie dawa za beta bloka, maana kuna waliojaa maji mapafuni kwa njia hiyo.

Tyubu nayo ilainishwe. Chovya ncha na sehemu ya kati kwenye chupa ya maji safi ya chumvi yaliyopashwa moto, iache dakika kadhaa, itoe ikiwa laini ya kupindika kwa kidole kimoja. Maji yawe ya moto, lakini tyubu isikauke na kupoa mezani wakati mnatafutana. Kafu ipulize na uishushe kabisa kabla ya kuchovya, maana iliyobaki na hewa hukwaruza njia nzima. Paka jeli kwa nje, nyembamba, usizibe tundu la ncha.

Ujanja mmoja ninaoupenda kuliko vifaa vya bei: pitisha kateta laini ya saksheni ndani ya tyubu mpaka itokeze mbele ya ncha. Kateta inaingia kwanza puani, inapinda yenyewe nyuma ya pua, na tyubu inaifuata kama treni kwenye reli. Ncha kali ya tyubu haigongi tena ukuta wa nyuma. Wapo wanaovalisha ncha kidole cha glavu au mpira mwekundu na kuuvua kooni kwa koleo. Inafanya kazi, ila lazima mtu mmoja awe na jukumu la kuhakikisha kipande hicho kimetoka.

Oksijeni na usingizi

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 20 hadi 25. Barakoa iliyobana vizuri, oksijeni 100% kwa dakika 3 au zaidi. Taya lililovunjika linauma chini ya barakoa, kwa hiyo mpe mgonjwa aishike mwenyewe kwanza. Atajua mahali pasipouma.

Dawa za usingizi chagua kwa mgonjwa, sitaingia huko. La msingi ni kwamba misuli iwe imelegea kabisa kabla tyubu haijagusa pua. Mgonjwa anayekohoa huku tyubu iko nusu njia ndiye anayetokwa damu. Na kama tumbo limejaa, mfano ajali ya usiku huu huu, jiulize upya kama pua ni ya lazima sasa. Kupitisha mdomoni haraka, kisha kubadilisha kwa utulivu kama daktari wa upasuaji anahitaji, si aibu.

Kupitisha puani

Shika tyubu kama kalamu, karibu na ncha. Inua ncha ya pua ya mgonjwa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto ili tundu litazame mbele. Sasa elekeza tyubu moja kwa moja kwenda nyuma, kwa pembe mraba na uso, kana kwamba unalenga kisogo. Wanaoanza karibu wote huelekeza juu, kufuata umbo la pua lilivyo kwa nje. Huko juu kuna turbineti ya kati (nundu ya mfupa na nyama ndani ya pua), ambayo inaweza kung'oka ikaziba tyubu. Njia salama iko sakafuni mwa pua, chini ya turbineti ya chini.

Sukuma polepole na kwa uzito mdogo, ukizungusha tyubu kidogo kushoto na kulia. Utahisi ubishi mdogo, kisha utahisi ikiachia: hapo imepita nyuma ya pua. Kwa wengi ni kwenye sentimita 14 hadi 16 hivi kwenye tundu la pua ncha inapokaribia koromeo la mdomo.

Ikigoma, rudi nyuma sentimita moja au mbili, zungusha robo duara, inua kidevu kidogo kama shingo inaruhusu, jaribu tena. Ikigoma mara ya pili, shuka nusu namba au hamia tundu lingine. Usisukume kwa nguvu. Nyuma ya pua utando ni laini kiasi kwamba tyubu inaweza kuuchana na kutambaa chini yake. Dalili yake ni hii: umeingiza sentimita 16 au zaidi, mkono hausikii tena ubishi, lakini mdomoni hakuna tyubu. Ukiweka bledi, skrini inaonyesha ukuta wa nyuma wa koromeo umevimba kama kuna kidole chini ya shuka. Ukiona hivyo acha, toa tyubu, mwambie daktari wa upasuaji, na pumulisha kwa barakoa kwa upole, kwa sababu hewa yenye shinikizo inaweza kuingia kwenye tishu za shingo.

Wakati huu wote oksijeni isikatike. Ukishapita nyuma ya pua, unaweza kuunganisha tyubu kwenye sakiti, kufunga mdomo na tundu la pili kwa vidole, na kumpumulisha. Au weka mrija wa oksijeni wa puani kwenye tundu la pili na uache ukipuliza. Watu wengi husahau kwamba pua ina matundu mawili.

Bledi, na macho yako

Ingiza bledi ukitazama mdomo. Sisemi skrini, nasema mdomo. Majeraha ya kaakaa laini na findo yaliyoripotiwa na vifaa hivi hutokea kwenye kile kipande kifupi ambapo mkono unaingia huku macho yako kwenye picha. Bledi ikishapita ulimi, ndipo uinue macho.

Kwanza itafute tyubu. Iko katikati? Imechafuka damu? Iko ndani ya nafasi ya koromeo kweli? Vuta damu na mate kwa saksheni mapema, maana tone moja kwenye lensi linafunika dunia nzima. Kisha tafuta epigloti, na zoloto nyuma yake.

Sasa jambo linalowashangaza waliozoea mdomo: usitafute picha nzuri kuliko zote. Ukiinua sana mpaka zoloto likajaa skrini, unakuwa umelivuta mbele na juu, na tyubu inayotoka puani inaingia kutokea nyuma, haiwezi kupanda kilima hicho. Legeza mkono, rudisha bledi nyuma kidogo, ridhika na kuona nusu ya zoloto kwenye sehemu ya juu ya skrini. Nafasi ya chini ya skrini ndiyo njia ya tyubu.

Halafu sogeza tyubu kwa mkono wa kulia ukiwa puani, macho yako kwenye skrini. Mara nyingi inaingia yenyewe. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha GlideScope na laringoskopu ya kawaida kwa tyubu za puani, ulikuta kazi inakwisha haraka zaidi kwa video, hitaji la koleo ya Magill linapungua sana, na maumivu ya koo baadaye ni nafuu. Hilo wengi tunaliona hata bila utafiti.

Isipoingia

Tazama ncha inakwenda wapi, maana kila upande una dawa yake.

Ikielekea nyuma, kwenye umio, ndiyo hali ya kawaida zaidi. Puliza kafu hewa mililita 10 hadi 15 ikiwa ingali koromeoni. Kafu iliyojaa inainua ncha kutoka ukuta wa nyuma na kuielekeza kwenye zoloto. Sogeza mpaka ncha iingie kati ya nyuzi za sauti na kafu igome, shusha kafu yote, kisha sukuma ndani. Ni ujanja wa zamani kuliko video, lakini kwenye skrini unaonekana ukifanya kazi mbele ya macho yako. Msaidizi pia anaweza kubonyeza zoloto nyuma kidogo kutoka nje. Mwache aone skrini naye, atajua abonyeze kiasi gani.

Ikigonga mbele, juu ya nyuzi za sauti au kwenye ukuta wa mbele wa trakea baada ya kuingia kidogo, kunja shingo kidogo, shusha bledi, na uzungushe tyubu. Hii hutokea sana kwa tyubu zilizopinda na kwa bledi zilizopinda sana. Ukilazimisha hapa unajeruhi.

Ikikwama upande wa kulia, kwenye aritenoidi (gegedu la nyuma ya zoloto), rudi nyuma sentimita moja, zungusha tyubu robo duara kinyume na mwendo wa saa, sogeza tena.

Koleo ya Magill ibaki ya mwisho. Ukiitumia, shika tyubu nyuma ya kafu. Kafu ikitoboka utaanza safari ya pua upya. Msaidizi ndiye anayesukuma kutoka puani, wewe unaongoza tu kwa koleo, na mseme kwa sauti: "Sukuma taratibu. Simama. Sukuma." Bugi ni njia nzuri ambayo haitumiki vya kutosha. Ipitishe ndani ya tyubu, iongoze kwenye trakea ukiiona kwenye skrini, kisha telezesha tyubu juu yake.

Weka kikomo kabla ya kuanza na ukitamke. Miongozo ya Difficult Airway Society ya Uingereza ya mwaka 2015 iliruhusu majaribio 3 ya laringoskopi, na la nne kwa mtu mwenye ujuzi zaidi. Kwa pua yenye damu mimi nahesabu machache kuliko hayo. Kati ya jaribio na jaribio mpumulishe kwa barakoa. Oksijeni ikishuka, sahau pua: weka barakoa ya laringi, au pitisha mdomoni kwa video hiyo hiyo. Upasuaji wa taya unaweza kusubiri hata wiki. Ukishindwa kupumulisha kwa kila njia, shingo ya mbele, kisu, bugi, tyubu, bila kujadiliana.

Imeingia?

Kuona tyubu ikipita kati ya nyuzi za sauti kwenye skrini ni ushahidi mzuri, ila hautoshi. Picha inaweza kuwa ya sekunde moja, na tyubu inaweza kuchomoka ukitoa bledi. Kabonidioksaidi ndiyo hakimu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 kuhusu tyubu kuingia kwenye umio bila kugundulika inataka kabonidioksaidi iendelee kutoka kwa pumzi 7 mfululizo, kwa kiwango kinachoeleweka. Mstari ukiwa bapa, tyubu haiko mahali pake mpaka uthibitishe vinginevyo, hata kama kifua kilionekana kupanda, hata kama ukungu ulionekana ndani ya tyubu.

Kama kituo chako hakina kapnografu, ndicho kifaa cha kwanza cha kuomba, kabla ya laringoskopu ya video. Najua video ndiyo inayovutia wageni na wafadhili. Mpangilio unabaki huo huo.

Kina: kwenye tundu la pua, takriban sentimita 26 kwa mwanamke na 28 kwa mwanaume, kisha usikilize pande zote mbili. Njia bora ni kuangalia kwenye skrini kafu ikipita nyuzi za sauti kama sentimita 2, ndipo usome namba puani. Tyubu za RAE zimepindishwa mahali pamoja kwa watu wote, kwa hiyo kwa mtu mrefu inaweza kuwa fupi na kwa mfupi ikaingia bronkasi ya kulia. Shinikizo la kafu liwe sentimita 20 hadi 30 za maji, lipime kwa geji kama ipo. Kichwa kikigeuzwa au kukunjwa na wapasuaji, angalia upya. Tyubu husogea na kidevu.

Kufunga na kutunza pua

Fungia tyubu ili isivute bawa la pua kwenda juu. Weka pamba au sponji kati ya tyubu na ngozi, na chungulia kila mara mashuka yanapokuruhusu. Upasuaji wa saa tano na tyubu inayobana bawa la pua unaacha kidonda kinachoonekana maisha yote, usoni mwa mtu aliyekuja kutengenezwa uso. Funika macho pia, maana viunganishi vya sakiti vinalala juu yake.

Shashi ya kufunga koromeo isiwekwe kwa mazoea. Wataalamu wa Uingereza walishauri hivyo mwaka 2018, hasa kwa sababu ya zile zinazosahaulika. Ikihitajika, iwe na mkia unaotokeza mdomoni, iandikwe ubaoni, ihesabiwe na muuguzi wa thieta kama shashi nyingine.

Kwa watoto hesabu hubadilika. Kina cha puani kwa sentimita ni umri gawanya kwa 2, jumlisha 15. Nyama za nyuma ya pua ni kubwa na hutokwa damu kirahisi, na kipande chake kinaweza kuziba tyubu, hivyo pitisha kateta ya saksheni mara baada ya kuingia. Matone ya kubana mishipa wapewe kwa dozi yao ya kitoto. Mtoto mwenye mafua mabichi ahirisha.

Kutoa tyubu

Kabla ya kumwamsha, weka tena bledi ya video na utazame. Nyuma ya kimio, juu ya kaakaa laini, bonge la damu hujificha pasipoonekana kwa jicho. Waingereza waliliita kwa jina la afisa anayechunguza vifo, kwa sababu lilikuwa likigunduliwa na yeye. Likidondoka baada ya tyubu kutoka, linaziba zoloto. Vuta damu yote ukiona, pamoja na kateta laini kupitia tundu la pili la pua. Toa shashi, hesabu, futa ubao.

Mgonjwa aliyefungwa taya kwa waya aamke kabisa, afumbue macho, afuate maagizo, ndipo tyubu itoke. Dawa ya kuzuia kutapika apewe mapema. Koleo ya kukatia waya ifungwe kitandani kwake na isafiri naye hadi wodini, na muuguzi wa zamu aonyeshwe ni nyaya zipi za kukata. Kama una wasiwasi na njia yake ya hewa, shusha kafu na uvute tyubu mpaka ncha ikae koromeoni, ibaki kama njia ya hewa ya puani kwa muda. Damu ikitoka puani, bana sehemu laini ya pua, kichwa kikiinama mbele, na dondosha tena dawa ya kubana mishipa.

Andika kwenye faili: tundu lipi, namba gani, kina gani, bledi gani, zoloto lilionekana kiasi gani, koleo ilitumika au la. Mwenzako atakayemlaza siku ya kutoa waya atakushukuru.

Bledi ioshwe kabla damu haijakauka. Ya kutupa itupwe. Ya kurudia isafishwe kwa dawa na kwa muda aliosema mtengenezaji. Kamera nyingi haziingii kwenye otoklevu, na klorini kali hula chuma na kufifisha lensi. Futa skrini na kebo. Kisha chomeka chaja, na uhakikishe taa yake imewaka kabla hujatoka chumbani.